Malalamiko kuhusu matofali ya slabu yasiyokaa kwenye boriti

Kwa Meneja Mauzo,

YAH: BORITI NA MATOFALI YA SLABU YASIYOOANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliagiza kwenu slabu kamili ya ghorofa ya kwanza: boriti za zege, matofali matundu ya kujazia kati yake, na mchoro wa mpangilio. Mchoro haujafika hadi leo, na vilivyofika haviingiliani.

Tofali la aina hii hukaa kwa midomo yake miwili juu ya vitako vya boriti, yaani kingo za chini zilizotokeza pembeni. Tumepanga boriti kwa nafasi iliyo kwenye oda, sentimita 60 kati kwa kati. Matofali mengine yanakaa vizuri. Mengine yanashikilia kwa ncha tu, kwa sababu ni mafupi kwa sentimita 2. Ni wazi yametoka kwenye kalibu tofauti. Fundi akizisogeza boriti ili ziyabane hayo mafupi, yale marefu hayaingii tena.

Ofisa wenu alinijibu kwa simu kwamba tuzibe mapengo kwa saruji, zege likimwagwa litashika lenyewe. Jibu hilo silikubali. Ni kweli slabu ikikomaa mzigo hubebwa na boriti pamoja na zege la juu, na tofali linabaki kuwa la kujazia. Lakini siku ya kumwaga, tofali ndilo linalobeba zege bichi, toroli na miguu ya mafundi. Tabaka la zege la juu la sentimita 5 peke yake lina takriban kilo 120 kwa mita ya mraba, bila lile linalojaa kwenye mifereji juu ya boriti. Tofali likichomoka, litamwangukia anayekagua mirunda, nguzo za muda za kushikilia boriti, chini.

Boriti zenyewe, niseme haki, zimenyooka na zege lake ni zuri. Ila baadhi ya zile za chumba kikubwa ni fupi: upande mmoja zinaegemea ukuta kwa sentimita 3 tu. Na dereva aliyeshusha mzigo ndiye aliyetuelekeza kuhusu mirunda, eti safu moja katikati inatosha vyumba vyote!

Naomba mbadilishe matofali mafupi na boriti fupi kwa usafiri wenu, na mlete mchoro uliosainiwa na mhandisi, unaoonyesha nafasi za mirunda, muda wa kuiacha, na wavu wa chuma wa juu. Hadi hapo sitamwaga zege, na salio la malipo nitalizuia.

Nijibuni kwa maandishi, si kwa simu.

Mteja wenu.