Tangi la matumbawe halijazwi kwa wikendi moja

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala ya ukurasa wenu wa maisha ya nyumbani iliyowaelekeza wasomaji namna ya kuweka sebuleni tangi la maji ya chumvi lenye matumbawe na samaki wa rangi. Mwandishi ana kalamu nzuri na picha zilivutia, lakini orodha ya viumbe aliyoipendekeza, pamoja na muda alioutaja, yaani wikendi moja tu tangu kununua kioo hadi kukaa na kutazama samaki, vitawatia wasomaji hasara na kuwaua viumbe ambao wengi wao walivuliwa baharini wakiwa wazima. Nimefuga matumbawe kwa miaka mingi, na makosa yaliyomo katika makala hiyo ndiyo yale yale ninayoombwa kuyatafutia dawa wakati maji yameshaharibika. Naomba nafasi niyasahihishe.

Nianze na maji. Msomaji aliambiwa achanganye chumvi, awashe pampu, asubiri saa 24 maji yatakate, kisha aingize samaki. Maji kutakata si dalili ya usalama hata kidogo. Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichobaki huoza kikatoa amonia hiyo hiyo, isiyo na rangi wala utando wa kuonekana kwa macho. Kwa kuwa maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi) ya juu, kwa kawaida kati ya 8 na 8.4, sehemu kubwa zaidi ya amonia hubaki katika umbo lake lenye sumu kuliko ilivyo katika maji mengi yasiyo na chumvi. Kinachoiondoa ni bakteria wanaoota juu ya mawe, mchanga na kuta za kioo: kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia vizuri. Bakteria hao huongezeka polepole, na katika tangi lililoanzishwa kwa mawe makavu huhitaji takriban wiki nne hadi sita ili watoshe. Anayetaka kuwaandaa bila kumtesa samaki hutia amonia safi ya kupima, hadi kiasi cha miligramu 2 kwa lita, kisha hupima kila siku. Siku kipimo hicho kinaposhuka hadi sifuri ndani ya saa 24, na nitriti nayo ikatoweka, ndipo tangi huwa tayari kupokea mkazi wake wa kwanza. Nasema wa kwanza, kwa sababu idadi ya bakteria hufuata chakula chao. Samaki sita wakiingizwa siku moja, amonia hupanda kabla bakteria hawajapata muda wa kuongezeka.

Maji yenyewe ya kuchanganyia chumvi hayakutajwa kabisa. Maji ya bomba huwa na klorini au kloramini, mara nyingi fosfati inayolisha mwani, na pengine shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba hata kidogo huua kamba, konokono na matumbawe. Ndiyo maana wafugaji huyapitisha maji kwenye utando wa kuchuja na kisha kwenye resini, hadi kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kisome sifuri, halafu ndipo huyatia chumvi ya matangi hadi gramu 35 kwa kilo ya maji.

Sasa nije kwenye orodha. Kwa tangi la lita 100, mwandishi alipendekeza kangaja wa buluu, mandarini, samaki msafishaji, jozi ya samaki wa anemoni pamoja na anemoni wao (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri), na vipande vichache vya matumbawe. Ni jozi hiyo peke yake inayofaa.

Kangaja wa buluu, ambaye wanasayansi humwita Paracanthurus hepatus, huuzwa akiwa na urefu wa kidole, ndiyo maana watu humwona kuwa samaki wa tangi dogo. Akikomaa hukaribia sentimita 30, na maumbile yake ni ya kuogelea masafa marefu mwambani akila mwani na vijidudu. Ndani ya lita 100 huzunguka kona hadi kona, hudhoofika, na ni miongoni mwa samaki wa mwanzo kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe. Jamii hii ilizalishwa kwa mara ya kwanza kwenye matangi mwaka 2016, katika Chuo Kikuu cha Florida, na hadi leo sehemu kubwa ya wanaouzwa hutoka baharini.

Mandarini ndiye anayeniuma zaidi, kwa sababu hafi haraka. Samaki huyu, Synchiropus splendidus, hana magamba, amefunikwa ute mnene, na kutwa nzima hudonoa juu ya mawe kopepodi mmoja mmoja, yaani wale wadudu wadogo wa majini ambao mtu huwaona kama chembe nyeupe zinazorukaruka kwenye kioo usiku akimulika tochi. Tangi jipya halina wadudu hao, au lina wachache anaowamaliza upesi. Anaendelea kudonoa, mwenye tangi anafurahi akidhani samaki wake anakula, kumbe mdomo hauna kitu. Dalili hutokea pembeni mwa tumbo na juu ya mgongo: mbavu huanza kubonyea, kisha kichwa huonekana kikubwa kuliko mwili. Wakati huo kumrudisha ni kazi ngumu mno. Mandarini anahitaji tangi kubwa lililokaa mwaka mmoja au zaidi likiwa na mawe mengi, au anunuliwe yule aliyezaliwa kwenye tangi na kuonyeshwa akila chakula cha kugandishwa mbele ya mnunuzi.

Samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, huishi kwa kula vimelea kwenye miili ya samaki wengine. Watafiti waliomfuatilia katika Mwamba Mkubwa wa Australia walikadiria kwamba mmoja hula vimelea wapatao 1,200 kwa siku. Samaki watano wa nyumbani, wakiwa wazima, watampatia wangapi? Makala ilisema kwamba atazuia magonjwa, lakini yeye hana uwezo juu ya madoa meupe, maana kimelea cha ugonjwa huo hujichimbia chini ya ngozi. Anayependa kutazama usafishaji anunue kamba msafishaji mwenye mstari mweupe mgongoni, ambaye pia hula mabaki ya chakula na hivyo hafi njaa.

Kuhusu anemoni, mwandishi alisema kwamba samaki wake hawawezi kuishi bila yeye. Baharini ni kweli wanamtegemea kwa ulinzi, lakini kwenye tangi lisilo na adui huishi vizuri bila anemoni, na wapo waliopita miaka 20. Anemoni, kinyume chake, anahitaji mwanga mkali na maji yaliyotulia kwa miezi mingi. Asiporidhika na mahali alipowekwa huinuka na kutembea, na safari hiyo mara nyingi huishia kwenye mdomo wa pampu, ambako hukatwakatwa na kuyachafua maji yote kwa usiku mmoja.

Badala ya orodha ile, ningemshauri anayeanza na lita 100 aweke konokono wachache wa kula mwani, kisha baada ya wiki kadhaa jozi ya samaki wa anemoni waliozalishwa kwenye matangi, na baadaye kidogo samaki mmoja mtulivu, kama gobi anayeishi na kamba mchimba shimo. Kuna pia kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, ambaye asili yake ni visiwa vya Banggai nchini Indonesia. Dume hutunza mayai na makinda mdomoni, na makinda hayo hayasambazwi na mikondo kama ya samaki wengi wa miamba, kwa hiyo pakivuliwa sana mahali pamoja hapajazwi na wageni kutoka kwingine. Mwaka 2007 aliorodheshwa kuwa yuko hatarini kutoweka. Huzaliana kwa urahisi nyumbani, kwa hiyo sioni sababu ya mtu kununua aliyevuliwa.

Kila samaki mpya akae kwanza kwenye tangi la karantini. Kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, hukaa mwilini mwa samaki siku chache, hudondoka, hujifunga ganda juu ya mawe, kisha hutoa watoto mamia wanaotafuta samaki mwingine. Baadhi ya maganda hayo yamewahi kupasuka baada ya siku 72, ndiyo maana tangi lililoambukizwa huachwa bila samaki hata mmoja kwa takriban wiki kumi na moja. Dawa ya shaba huwaponya samaki, lakini ni ya tangi la karantini peke yake.

Utunzaji, uliopewa aya moja fupi, ndio unaochukua maisha yote ya tangi. Maji hukauka, chumvi haikauki. Tangi la lita 100 likipoteza lita 5, chumvi iliyokuwa gramu 35 hupanda hadi karibu 37. Makala iliagiza kiasi kilichopungua kijazwe kwa maji ya chumvi. Kufanya hivyo ni kuongeza chumvi kila siku hadi konokono waanze kudondoka kutoka kwenye kioo. Hujazwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, na ikiwezekana kwa kifaa kinachojaza chenyewe. Maji ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji, nayo yawe yamechanganywa mapema na kupashwa joto lilelile la tangini, kati ya nyuzi 24 na 27.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na kabonati anazochota kwenye maji kila mnyama mmoja mmoja wa kundi hilo, mchana kuliko usiku. Kwa hiyo kadiri yanavyokua ndivyo vitu hivyo vinavyopungua. Kalsiamu inafaa ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu na 1,300, na ugumu wa kabonati, yaani kipimo cha kabonati zilizomo majini, kati ya digrii 7 na 9 za Kijerumani. Hicho cha mwisho ndicho hushuka haraka, na ndicho ninachokipima kabla ya vingine vyote. Mtu akikikuta kimeshuka asikipandishe kwa mkupuo. Digrii moja kwa siku inatosha, kwa kuwa matumbawe huumizwa zaidi na mabadiliko ya ghafla kuliko na kiwango kilicho chini kidogo. Vilevile asihangaike kuzifikisha nitrati na fosfati kwenye sifuri. Tangi lililokaushwa virutubisho mara nyingi huvamiwa na dinoflajelati, ute wa kahawia wenye mapovu ambao ni vigumu kuuondoa kuliko mwani wa kijani aliokuwa akiupiga vita.

Liko jambo la hatari kwa binadamu ambalo halikutajwa. Baadhi ya matumbawe laini ya jamii ya Palythoa, yanayouzwa kwa wanaoanza kwa sababu hayafi ovyo, yana sumu kali iitwayo palitoksini. Wapo watu waliochemsha mawe ili kuyasafisha, na mvuke ukaipeleka familia nzima hospitalini. Mawe yasichemshwe kamwe, na anayekata vipande vya matumbawe hayo avae glavu na miwani ya kinga.

Mwisho wa makala mwandishi alisema kwamba aliyechoka na samaki wake anaweza kuwarudisha baharini. Ushauri huo naomba muufute rasmi. Samaki simba wa Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana kwa mara ya kwanza katika maji ya Florida mwaka 1985, na chanzo kinachokubalika zaidi ni matangi ya watu. Leo amesambaa Karibiani yote akila makinda ya samaki wa huko. Mwani wa Caulerpa taxifolia uligunduliwa mwaka 1984 baharini mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, kisha ukaenea katika maeneo ya Mediterania. Samaki asiyetakiwa apewe mfugaji mwingine au arudishwe kwa muuzaji, na maji ya tangi yamwagwe kwenye bomba la majitaka la nyumba, si kwenye mfereji unaofika baharini.

Kwa wale ambao tayari wamenunua kwa kufuata orodha ile, bado lipo la kufanya wiki hii. Wapime amonia leo hii, na ikionekana, wabadilishe robo hadi nusu ya maji na kupunguza chakula. Wamrudishe kangaja kabla hajakua, wamtafutie mandarini mfugaji mwingine mwenye tangi lililokomaa, wafunike mdomo wa pampu kwa sifongo ikiwa anemoni yumo, na wasiongeze kiumbe chochote hadi amonia na nitriti zisome sifuri kwa wiki mbili mfululizo.

Msomaji wenu,
Mfugaji wa matumbawe