Betri za rimoti zinaua simu yako isiyo na waya

Malalamiko tunayoyasikia zaidi kwenye meza ya ufundi ni haya: "Simu yangu ya mezani, ile isiyo na waya, haishiki chaji." Tukifungua mfuniko wa nyuma, mara nyingi jibu tunalikuta palepale. Ndani kuna betri mbili za kawaida, kama za rimoti, zimevimba, na unga mweupe umeshakula vile vyuma vinavyozigusa.

Ukiziangalia, hazina tofauti na zilizokuja na simu. Ni saizi ileile ya AAA, zinaingia bila shida, na simu inawaka. Tatizo ni kwamba hazikuundwa kuchajiwa, na chaja haijui hilo. Kila ukirudisha simu kwenye kitako chake, umeme unasukumwa ndani ya betri isiyoweza kuupokea. Gesi inajaa, betri inavuja, na siku mbaya inapasuka. Kwa hiyo soma maandishi yake kabla ya kuiweka: simu nyingi za aina hii zinataka betri iliyoandikwa NiMH, yaani aina ya kuchajiwa tena, volti 1.2. Ile ya rimoti huwa imeandikwa 1.5. Badilisha zote mbili kwa mpigo, usichanganye nzee na mpya.

Kosa la pili ni adapta. Mteja mmoja alipoteza yake akachomeka ya ruta, maana plagi ilikaa sawasawa. Kitako kilitaka volti 6, ile ikakipa 12. Alichotuletea kilikuwa bado kinanuka plastiki iliyoungua. Plagi kuingia si ruhusa! Volti lazima zilingane, miliampia (mA, kiasi cha umeme adapta inachoweza kutoa) zisipungue zile zilizoandikwa chini ya kitako, na kile kimchoro cha duara chenye alama za + na − kiwe kilekile.

Tunaulizwa sana kama ni hatari kuiacha simu kwenye chaja usiku kucha. Hapana, ndivyo ilivyoundwa, na ikiwa vuguvugu usishtuke. Ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, chomoa adapta ukutani na usiirudishe. Kitako kikae pakavu, mbali na sinki, kisifunikwe na kitambaa cha mapambo. (Tumeshaona vingi, vimedariziwa vizuri kweli.)

Vile vyuma viwili vidogo vya kuchajia vikififia, chomoa adapta kwanza, kisha visugue kwa kitambaa kikavu au raba ya penseli. Kisu hapana.

Mvua ya radi ikinukia, chomoa umeme na laini ya simu pia, kwa sababu radi hupita kotekote. Fanya hivyo mapema, si wakati inapiga. Na kumbuka kwamba umeme ukikatika kitako kinazima, hivyo simu haipigi hata kama betri zimejaa. Kwa dharura uwe na simu nyingine, ya waya au ya mkononi.

Betri ikiwa imeshavuja, usiguse majimaji yake kwa mkono mtupu wala usiitupe motoni. Tuletee simu ilivyo, pamoja na kitako na adapta yake. Ukileta mkono wa simu peke yake tutaweza kubadilisha betri, ila hatutajua kilichoziua zile za kwanza.