Kwa vijana Wayahudi wa Nairobi mnaotaka kufungua nyumba

Wanangu,

Nimesikia mmepata nyumba na mnataka kuifungua kila Ijumaa jioni kwa vijana wenzenu Wayahudi. Hongereni. Sinagogi tunalo, na jumuiya yake ilianza 1904, lakini kijana aliyekuja juzi kutafuta kazi anahitaji pia jiko lenye moto na mtu wa kumwuliza ameshindaje.

Mfano mnaoufuata naujua. Moishe House ilianza Oakland, California, mwaka 2006: vijana wachache huishi pamoja, husaidiwa kodi, nao hukaribisha wenzao. Ila hakuna mfadhili wa uchovu. Kabla hamjahamia, kubalianeni kwamba yeyote kati yenu anaweza kusema wiki hii hatupokei wageni, na asinuniwe.

Sabato huingia jua likizama Ijumaa, na jua letu lina huruma. London, Ijumaa ya Desemba, huzama kabla ya saa kumi jioni. Hapa ni karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Lakini msongamano wa Thika Road haungojei Sabato. Asiyepanda gari Sabato ikishaingia atalala kwenu, basi nunueni magodoro. Nyama msipike kabisa. Sufuria mpya, sato, maharagwe, chapati: hapo wengi wa wanaoshika kosher, yaani sheria zetu za chakula, watakula pamoja na wasioshika. Kambale hapana, hana magamba.

Ninaloliogopa hasa ni swali. Mezani atakaa Mwisraeli aliyekuja kikazi, Mmarekani wa shirika la misaada, kijana wa Kasuku kule Nyandarua, na binti wa Mbale, Uganda, ambaye wazee wake walimfuata kiongozi wao Semei Kakungulu alipoingia Uyahudi mwaka 1919. Mmoja atamgeukia huyo binti, kwa tabasamu kabisa: "Na nyinyi mlikuwaje Wayahudi?" Ameshaulizwa hilo mpaka amechoka. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel imewahi kumkatalia mtu wa jumuiya yake ombi la kuhamia huko. Chini ya Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Wengi wakaiacha, waliobaki wakasali kwa siri, hadi majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walipoitwaa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, siku ambayo jioni yake Pasaka ya Kiyahudi iliingia. Mtu wa historia hiyo aanze kujieleza supu ikipoa? Mishna, mkusanyo wetu wa kale wa sheria, inakataza kumkumbusha mtoto wa waongofu matendo ya wazee wake, na huyu si mwongofu, amezaliwa humo. Akitaka kusimulia mwenyewe, msikilizeni hata usiku wa manane. Mwenye kumhoji aoshe vyombo vyote Jumapili.

Sisemi mlango uwe wazi kama wa soko. Baada ya shambulio la 2002 kwenye hoteli ya Waisraeli kule Kikambala hakuna mzee mwenye akili atakayewashauri hivyo. Majina ya wageni yajulikane tangu Jumatano, askari wa geti awe na orodha, na picha za nyumba zisiende mtandaoni. Mgeni msiyemjua akutaneni naye kwanza mjini, kwa chai. Lakini akishavuka geti, ukaguzi umekwisha. Humo ndani ni mgeni tu, apewe kiti.

Kuhusu kiti: meza yangu kubwa na viti vyake vinane ni vyenu. Tumeni watu wenye nguvu waje kuvichukua, siku yoyote isiyokuwa Jumamosi.