Ile karatasi ya mwisho msiitoe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niwajibu wanaosema notsi na vitabu huria vya mtandaoni, yani vile ambavyo mwenyewe ameruhusu yeyote avitumie na kuvinakili bure, vinawafaidisha Wazungu waliovianzisha na kampuni za simu zinazouza bando, eti sisi huku Kigoma tunaokota makombo tu. Mi nafundisha fizikia sekondari moja ya kata huku mwambao wa ziwa, nasema nilichokiona.

Kwenye bando wana haki, kudaunlodi kitabu kizima kunauma kwa mshahara wa mwalimu anayeanza, na mwanafunzi wangu simu hana kabisa, yeye kitu kinamfikia kikishakuwa kwenye karatasi. Ila hili neno bure linawapoteza watu, wanaona kama pipi ya kugawiwa, wanasahau kwamba mwenye kazi ameshakuruhusu uibadilishe.

Mwaka jana nilikuwa nafundisha kupinda kwa mwanga, maelezo nimeyatoa kwenye kitabu huria kimoja cha Marekani, mfano wake ni sarafu chini ya bwawa la kuogelea. Darasa kimya. Hamna hata mmoja aliyewahi kuliona bwawa la kuogelea. Nikaenda nyumbani nikaandika upya, umesimama kwenye mtumbwi, maji ya Tanganyika mnayajua yalivyo maangavu, unaona jiwe kule chini, jiwe liko mita 4, gawanya kwa 1.33, namba inayoonyesha maji yanavyopinda mwanga, unapata kama mita 3, hapo ndo macho yanakwambia jiwe lipo. Kesho yake kijana mmoja wa nyuma, huwa hasemi kabisa, akadakia "kumbe ndo maana nikipiga mbizi chini hapafiki!" Yani kengele ilitukuta bado wanabishana.

Nikaituma kwa walimu wenzangu ambao tunatengeneza notsi huria pamoja mtandaoni. Usiku huohuo mwalimu mmoja wa Sengerema, sijawahi kuonana naye, akanijibu: kaka hesabu yako iko sawa ukiangalia wima tu, ukiangalia kwa pembeni jiwe linaonekana liko juu zaidi ya hapo, waambie watoto. Miaka sita nafundisha hiyo mada sikuwahi kulisema hilo! Sasa mkiniuliza nani kafaidika, mimi wa kwanza, nimepata mkaguzi ambaye shuleni kwetu hayupo maana mwalimu wa fizikia ni mimi peke yangu, halafu ndo wanafunzi wangu, na wa Sengerema nao wamepata mtumbwi.

Ruhusa hiyo siyo ya mdomo. Leseni za Creative Commons, yani maandishi ya kisheria ambayo mwandishi anayatumia kuruhusu kazi yake itumiwe, zilitoka 2002, mwaka huohuo kwenye mkutano wa UNESCO kule Paris ndo likapatikana jina la rasilimali huria za elimu. Leseni tuliyochagua sisi inadai utaje majina ya walioandika, uonyeshe leseni yenyewe na useme kama umebadilisha kitu. (Kukipiga picha kitabu cha dukani ukakisambaza WhatsApp ni jambo lingine, huo ni wizi.)

Sasa kinachoniuma. Kuna steshenari hapa mkoani inachapa notsi zetu na kuuza. Kuuza sina neno, leseni yetu inaruhusu na wino na karatasi vina bei, tena ndo njia inayomfikisha mtoto wa kijijini. Lakini wameitoa karatasi ya mwisho yenye majina na leseni na anuani yetu, wakagonga muhuri wao "hairuhusiwi kunakili". Kwenye toleo lile tulikosea jibu la swali moja la lenzi, sisi tumesharekebisha siku nyingi, ila mwalimu wa Uvinza aliyenunua pale hajui atuulize wapi, na hata akiliona kosa ataogopa kuligusa, kwahiyo watoto wanaendelea kulikariri jibu baya na hela wamelipa.

Naomba wenye steshenari wairudishe hiyo karatasi, ni karatasi moja tu jamani.

Na walimu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, mkibadilisha mfano wowote msibaki nao, tuletee. Mimi ya ziwa ninayo, ila msuguano naufundisha kwa mfano wa gari kwenye barafu mpaka leo, nyie wenye vilima na baiskeli za mihogo mngeniandikia hiyo ningeshukuru sana.

Mwalimu wa fizikia,
Kigoma