Harambee ya Bati: Tuiezeke Upya Nyumba ya Cherehani

Ndugu wazazi, majirani, na nyote mliokulia Moshi hata kama leo mko Dar au ughaibuni, salaam.

Kamati ya mtaa inawaomba mchango wa kuezeka upya Nyumba ya Cherehani, ile ya baraza refu njia ya stesheni. Wajukuu wa marehemu fundi cherehani aliyeijenga wametukabidhi kwa maandishi iwe mahali pa watoto kusomea jioni, kwa sharti moja: baraza lisiguswe.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji mpya ukaota kuizunguka stesheni. Fundi akajenga palepale walipo wateja. Alishona sare za watu wa reli, na baada ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kuanzishwa mwaka 1933, malipo ya kahawa yakitoka tu baraza hujaa wazazi waliokuja kupimisha watoto nguo za shule. Miguu ya cherehani imeacha vishimo vinne kwenye sakafu nyekundu. Watoto wa sasa huchezea gololi humo.

Mwaka 1971 Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ghorofa za jirani zilikwenda kwa Msajili wa Majengo. Hii ikabaki. Fundi hakuwahi kupangisha hata chumba, maana watoto, mashemeji na wageni wa kutoka mlimani walivijaza vyote.

Sasa bati za upande wa jikoni zimeoza na mchwa wameshaingia kwenye kenchi. Masika ikitukuta hivi, dari linashuka. Tunahitaji bati, papi, misumari na ujira wa seremala.

Wapo wanaotushauri tubomoe tujenge fremu za maduka. Fremu za nini jamani, na zilizopo zimefungwa? Mtoto wa mtaa huu hana pa kukaa na daftari lake baada ya saa kumi na moja.

Tukutane barazani Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi. Asiye na fedha alete bati moja, au nguvu zake. Mtori upo. Kila mchango una risiti, hata wa elfu moja, na orodha itabandikwa ofisi ya mtaa. Mlio mbali, pitishieni kwa ndugu zenu waje nao mkononi. Kamati haimpigii mtu simu kuomba pesa. Akikupigia yeyote kwa jina letu, huyo ni tapeli.