Wanaosubiri neema ya vita baridi wasome habari za 1965

Mhariri,

Barazani kwetu Kikwajuni, kila yakitajwa magomvi ya Marekani na China, au Marekani na Urusi, hakosekani mtu wa kusema: "Waache wagombane, sisi tutakula kotekote." Hoja yake ni kwamba vita baridi vikirudi, wakubwa watatubembeleza kama walivyowabembeleza wazee wetu, huyu akitupa bandari, yule hospitali. Nampinga, na nampinga nikiwa ndani ya kizibiti chenyewe, maana fleti ninayokaa ilijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Zege lake ni gumu hata msumari wa kutundikia kalenda unapinda. Nyumba madhubuti, siibezi. Ila wengi wanaopanda ngazi zake hawajui zilikuja na mashaka gani.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki na ikairuhusu kufungua ubalozi. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa na kanuni yake, maarufu kwa jina la Hallstein: nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki, wao wanaiona imewakosea. Aprili tukaungana na Tanganyika, ambako Wajerumani wa Bonn, yaani wa Magharibi ambao Bonn ndio mji mkuu wao, walikuwa na misaada yao, pamoja na ya mafunzo ya kijeshi. Basi nchi moja ikajikuta na Wajerumani wa namna mbili, kila mmoja akitaka mwenziwe atolewe nje. Mwalimu Nyerere akatafuta njia ya katikati: ubalozi wa Unguja ufungwe, Wajerumani Mashariki wabaki na ofisi ya konseli mkuu, yaani ubalozi mdogo, Dar es Salaam bila ya kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine yote ya serikali yao.

Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumewafukuza wanadiplomasia wawili wa Marekani. Mmoja wao, Frank Carlucci, aliyekuwa konseli hapa Unguja, baadaye akaja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Rais Reagan. Na kule Tunguu Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani vya mradi wa Mercury, wa kupeleka watu angani. Kiliondolewa mwaka huohuo wa Mapinduzi. Kisiwa chetu utakimaliza kwa gari asubuhi moja, lakini kila aliyetupa kitu alikuwa akichungulia sahani ya mwenziwe.

Nasi ndio tuliosalimika. Tazameni Angola. Reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito hadi mpaka wa Kongo, ilikatika mwaka 1975 vita vilipoanza, Wasovieti na Wacuba wakiwa upande mmoja, Wamarekani na Makaburu wa Afrika Kusini upande wa pili. Shaba ya Zambia ikawa haina njia hiyo tena. Vita vile viliisha 2002. Wachina ndio walioijenga upya reli hiyo na kuimaliza 2014, na sasa ni Marekani inayoinadi kwa jina la Ushoroba wa Lobito. Rais Biden alikwenda mwenyewe Angola Desemba 2024. Miezi mitatu kabla yake, Beijing, Rais Xi alikuwa ameshuhudia pamoja na marais wa Tanzania na Zambia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita zetu 1,860. Reli mbili, moja yaelekea magharibi na nyingine mashariki, zote zikiikimbilia shaba ileile. Kwa hiyo anayeuliza kama vita baridi vitarudi, mimi namwuliza anasubiri dalili gani nyingine.

Nakiri kwamba havitakuwa vilevile. Wamarekani na Wasovieti walikuwa hawana biashara kubwa baina yao. Wamarekani na Wachina wanauziana karibu kila kitu, na ugomvi wao wa ushuru unatufikia hadi dukani. Isitoshe, wale wa zamani, baada ya kutishana kwa makombora ya Cuba mwaka 1962, waliona haya wakawekeana simu ya moja kwa moja, kisha mikataba. Mkataba wa 1987 wa kuondoa makombora ya masafa ya kati ulivunjika 2019. Ule wa New START, uliowawekea Marekani na Urusi kikomo cha vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyowekwa tayari kila mmoja, Urusi ilisimamisha ushiriki wake 2023. Uadui umerudi, lakini ile mikataba iliyokuwa ikiuzuia usichafuke wanaing'oa mmoja mmoja.

Ndiyo maana "kula kotekote" kunanitia wasiwasi zaidi leo kuliko enzi za wazee. Mwaka 1965 serikali iliweza kusema chukueni vyenu, kwa sababu vilikuwa vinahesabika: wakufunzi, ndege, fedha za mwaka. Leo mitambo ya simu, mikopo ya barabara na mifumo ya kompyuta za serikali vimetambaa kama mizizi ya mwembe chini ya nyumba. Naomba wabunge na wawakilishi wetu waidai mikataba hiyo, ya mashariki na ya magharibi, isomwe hadharani kifungu kwa kifungu. Siku mmoja wa wakubwa atakapotuambia tuchague, tujue kwanza ni kipi kati ya vyao tunaweza kumrudishia bila ya taa kuzimika.

Msomaji wenu,
Kikwajuni, Unguja