Nilimwambia aje mikono mitupu, sasa hotipoti zake ziko juu ya friji langu

Shikamoo Anti,

Nina miaka 41, mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Juu ya friji langu kuna hotipoti mbili zisizo zangu. Zina wiki tatu pale. Nimeshaziosha, nimezifuta, nimezifunga kwenye kanga, na kila nikishika mlango nizipeleke kwa mwenyewe, miguu inagoma. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Nilihamia huku mwaka 2017, wizara zilipokuwa zinahama kutoka Dar es Salaam. Wengi tuliokuja tuliacha familia nyuma. Mume wangu alibaki Dar na watoto wakubwa, mimi nikaja na mdogo. Siku za kazi zilikuwa zinapita, lakini Jumapili, Anti! Unarudi kanisani, unakaa kwenye chumba chenye godoro na jiko la gesi, unapika wali wa mtu mmoja na nusu. Upepo wa Dodoma unavuma vumbi dirishani na huna wa kumwambia hata neno.

Mwaka 2018, mwaka ule ule mji huu ulipotangazwa kuwa jiji, tulikaa wanawake wanne tukakubaliana: Jumapili ya mwisho wa mwezi kila mtu apike kwake, afunge kwenye hotipoti, tukutane kwa mmoja tule pamoja. Mwenyeji anatoa wali au ugali, maji na mahali pa kukaa. Mboga zinakuja na wageni. Hatukuwahi kuipa jina la maana, tukaiita hotipoti tu. "Hotipoti ya mwezi huu iko kwa nani?" Kitimoto tulikubaliana isije, maana wenzetu wengine ni Waislamu na hatukutaka mtu awe anauliza kila sahani ina nini. Sheria nyingine hatukuwa nayo.

Kati ya wale wanne, mmoja hakuhamishwa na mtu. Ni Mgogo, mzaliwa wa hapa, alikuwa jirani yangu wa kwanza. Ametuzidi wote umri, kwa hiyo tunamwita Dada Mkubwa, na humu nitamwita hivyo hivyo. Yeye ndiye aliyenifundisha kusalimia wazee "mbukwenyi" nikipita mtaani. Ndiye aliyenielekeza mlenda. Siku ya kwanza nilipouona unavutika kutoka kwenye kijiko nilijua kabisa hautapita kooni. Akanikalisha jikoni kwake akanieleza: mvua huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo hakuna jani la kuchuma. Basi majani yanachumwa wakati wa mvua, yanaanikwa, yanatwangwa, na ule unga ndio mboga ya kiangazi kizima. Unachemsha maji, unatia magadi kidogo sana, unamimina unga huku unakoroga, halafu nyanya, halafu karanga alizotwanga mwenyewe. Pembeni ugali wa uwele. Leo mwanangu mdogo akiugua, mlenda ndio anaouomba.

Kuna jambo moja la mwaka 2019 lazima nikwambie, maana ndilo linalonichoma zaidi. Nilikuwa na mkopo uliokuwa unakata mshahara mpaka ninachobaki nacho ni nauli. Hotipoti ya mwezi huo nilibeba ndoo ndogo ya mahindi ya kuchemsha. Nilipofika nikakuta kuku, pilau, samaki wa kukaanga. Nikaiweka ndoo nyuma ya mlango. Dada Mkubwa akaiona, akainuka pale alipokuwa amekaa, akaja kufunua, akachukua hindi la kwanza mbele ya watu wote. Akasema, "Haya ndiyo niliyokuwa nayasubiri." Hakunitazama wala hakunifariji. Alikula tu. Mpaka tunaondoka ndoo ilikuwa tupu.

Sasa tupo familia tisa, na sura zimebadilika. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, waanzilishi wengine Ijumaa jioni wanapanda wanakwenda kwao Dar, wanarudi Jumapili usiku. Nafasi zao zimechukuliwa na wageni, watu wazuri tu, ila hawakuwepo enzi zile za godoro na jiko la gesi. Chakula nacho kimebadilika. Watu wananunua hotelini, wanakuja na sinia la biriani limefunikwa karatasi ya kung'aa, picha zinapigwa kabla ya sala. Mtu anayefanya kazi mpaka Jumamosi usiku akanunua chakula, simlaumu hata kidogo. Lakini sinia la namna ile likishakaa katikati ya meza, kisamvu cha mtu kinaanza kuona aibu.

Mimi ndiye ninayepanga orodha. Tulianza kupanga baada ya siku moja kuletwa hotipoti tano na zote zikawa wali. Naandika kwenye kundi letu la WhatsApp: fulani mboga ya majani, fulani nyama, fulani matunda.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mume wa Dada Mkubwa, ambaye ni fundi ujenzi, alianguka kutoka kwenye jukwaa akavunjika mguu. Mpaka leo anatembelea magongo. Nyumba nzima inamtegemea Dada, na Dada anauza karanga na mboga kavu sokoni. Haombi kitu kwa mtu. Mimi najua hali ilivyo kwa sababu mwanaye wa mwisho ananiambia.

Zamu yangu ya kupokea watu ilipofika, nikaandika orodha usiku. Kila jina na chakula chake. Nilipofika kwenye jina lake nikafikiria unga, mkaa, nauli ya bodaboda. Nikaona nimpunguzie. Nikaandika: "Dada Mkubwa yeye asisumbuke, aje tu." Naapa, Anti, niliandika kwa upendo. Watu wakaweka vidole gumba. Yeye akajibu neno moja: "Asante."

Jumapili akaja. Alitembea kwa miguu na jua la saa saba, kikapu mkononi, ndani yake hotipoti mbili. Nilikuwa nahangaika na mkaa nje, nikamwambia "karibu Dada, weka mezani" bila hata kunyanyua kichwa vizuri. Meza ilikuwa imejaa. Mgeni mmoja alipoleta sinia la biriani akahitaji nafasi, akaziondoa zile hotipoti akazipeleka jikoni, akazisukuma chini ya meza karibu na ndoo ya maji. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia ni za nani. Na mimi mwenyeji, ambaye kazi yangu ilikuwa kufunua kila kifuniko na kumkaribisha kila mtu kwa alicholeta, nilisema "jamani karibuni" kwa jumla, nikaenda kuwanawisha watoto.

Dada Mkubwa aliaga mapema. Akasema anawahi kumpa mgonjwa dawa.

Usiku, watu wameshaondoka, nainama kuchukua ndoo nikaziona. Vifuniko vimekazwa kama alivyovikaza yeye. Nikafungua ya kwanza: ugali wa uwele, umekandwa vizuri, juu laini kama umepakwa mafuta. Ya pili mlenda. Ulikuwa bado una uvuguvugu, na juu yake alinyunyiza karanga za kukaanga, jambo analolifanya akiwa anapikia wageni tu. Hakuna kijiko kilichogusa. Nilikaa chini pale pale sakafuni nikala na mwanangu mdogo mpaka tukamaliza, maana kuutupa nisingeweza. Mtoto akaniuliza kwa nini nalia na chakula ni kitamu.

Asubuhi nikakuta amejitoa kwenye kundi.

Nilimpigia simu siku ya pili yake. Akapokea vizuri, akaniuliza habari za watoto. Nikaanza kueleza kwamba sikutaka aingie gharama. Akanyamaza, halafu akasema taratibu, "Mdogo wangu, anayeambiwa aje tu ni mgonjwa. Mimi sijaugua." Nikaomba radhi. Akasema hana neno na mimi. Hilo "sina neno" lilinitisha kuliko kama angenifokea, kwa sababu Dada akiwa na furaha na wewe anakufokea.

Sasa ushauri ninaopewa. Mume wangu anasema niache, wakati utatengeneza. Mwenzetu mmoja kwenye kundi anataka tumchangishie fedha tuzitie kwenye bahasha, twende wote tukamwone mgonjwa. Kumwona mgonjwa ni jambo jema na tulichelewa, nakiri. Ila naogopa bahasha. Tumemwambia asilete chakula, tumemwachia chakula chake chini ya meza, kisha tunamfuata nyumbani na fedha? Naona kama tutakuwa tunamwandika rasmi kwenye daftari la masikini, na mimi ndiye niliyeanza kuliandika. Lakini pia watoto pale wanahitaji kula. Je, kuna namna ya kumsaidia mtu wa aina hii bila kumvua nguo mbele za watu? Mimi nimefikiria kununua kwake unga wa mlenda na karanga kila mwezi, kwa bei yake, bila kusema lolote. Sijui kama na hilo atalishtukia.

La pili ni hili kundi. Nataka nifute orodha, au nibakize aina tu bila majina, na niombe kwamba mwenyeji afunue vifuniko vyote yeye mwenyewe na kutaja kilicholetwa na kila mtu. Nataka pia niseme hadharani kwamba kosa lilikuwa langu. Mwenzetu mwingine ananionya kwamba nikisema mbele ya wote nitaitangaza shida ya Dada upya, na yule mgeni wa biriani ataona anasutwa. Niseme au ninyamaze?

Na la tatu ndilo linalonizuia mlangoni. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, Anti, hilo tumelelewa nalo wote wawili. Nimrudishie na nini? Nikijaza nyama, ataona huruma ile ile imebadilisha sura. Nikiweka sukari na mchele, huo ni msaada. Nikipeleka tupu, ni tusi. Nilichobakiza kichwani ni kuchemsha mahindi, nizijaze hotipoti zote mbili, niende nazo kwa miguu kama alivyokuja yeye, nimkute nyumbani. Nadhani atakumbuka. Lakini itakuwaje kama amesahau, akaona nimemletea mahindi tu?

Hotipoti ijayo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, kwa mwenzetu anayeishi Kisasa. Ningependa Dada awepo. Naomba unijibu kabla ya siku hiyo.

Wako,
Mdogo wa Dada Mkubwa,
Dodoma